Orijino kwa Kiasi Gani?

Leo sizungumzii watu wanaosema ndani ya redio, nazungumzia redio zenyewe. Zile za mbao, za valvu, ambazo ukiziwasha zinakaa kimya kwanza mpaka zipate moto, ndipo sauti ije. Zipo bado majumbani. Nyingine ziko juu ya kabati zimefunikwa kitambaa cha kufuma, nyingine zimegeuzwa meza ya televisheni, na haikosi siku mjukuu mmoja akauliza: hivi hii ikitengenezwa, si itasema?

Itasema. Hilo siyo linalowagombanisha mafundi. Wanachogombania ni hiki: ukishaitengeneza kwa vipuri vya juzijuzi, nobu iliyomiminwa kwenye kalibu, kioo cha stesheni kilichochapwa upya, kitambaa cha spika kilichofumwa leo kwa kuiga cha zamani, hiyo bado ni redio ya babu? Au ni feki iliyovaa sanduku la babu? Mimi jibu langu nalitoa mapema, ili anayetaka kuhamia stesheni nyingine ahame na mapema. Kipuri cha nakala hakina kosa, mradi kisijifiche. Kosa linaanza pale fundi anapojua halafu anakaa kimya.

Tuingie ndani kwanza. Nyingi tunazoletewa ni za miaka ya 1950. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951, na aliyetaka kuisikia alihitaji chombo cha kutoka ng'ambo, Uholanzi, Uingereza au Ujerumani, na mfuko wa kukilipia. Ndani ya chombo hicho kulikuwa na valvu chache, chupa za kioo zilizonyonywa hewa, kila moja na kazi yake. Katika redio ya Ulaya ya katikati ya miaka hiyo ni kawaida kukuta ECH81 ikipokea mawimbi na kuyabadilisha, EL84 ikisukuma spika, EZ80 ikinyoosha umeme, na katika zile za wenye nacho, jicho la kijani linalobana kadiri unavyoikaribia stesheni. Valvu hizo hufanya kazi kwa volti 200 na ushei, hata 300. Nazitaja namba hizo makusudi, kwa sababu mjukuu anayeuliza kama itasema, mara nyingi anauliza akiwa ameshaichomeka ukutani.

Usiichomeke. Redio iliyolala miaka arobaini haiamshwi hivyo. Kilichokufa ndani yake kwa kawaida si valvu, ni kapasita. Za wakati ule zilikuwa karatasi na foili zilizoviringwa pamoja, zikafungwa kwa nta, na katika redio nyingi za Philips kwa lami nyeusi. Karatasi inakunywa unyevu hata ikiwa imefungwa vipi, na sisi watu wa pwani tunajua unyevu wa kwetu una chumvi ndani yake. Kapasita iliyokunywa unyevu inavuja umeme. Kuna moja ambayo fundi huitazama kabla ya zote, ile inayopeleka sauti kwenye EL84. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia umeme wa DC. Ikivuja, EL84 inapewa volti pale isipotakiwa kupewa, inavuta mkondo kupita kiasi, bamba lake la ndani linawaka jekundu, na ikiondoka haiondoki peke yake. Inaondoka na transfoma ya spika, pengine na transfoma kubwa pia, na hiyo ndiyo itakayokutoa jasho kuipata.

Kipimo chake ni chepesi. Chomoa EL84, washa redio kupitia taa ya waya ya wati 60 au 100 iliyofungwa kwenye njia ya umeme, kisha weka mita kwenye mguu wa 2 wa soketi. Ukisoma sifuri, salama. Ukisoma volti 5 au 20, kapasita hiyo haina maisha. Ile taa ni mlinzi: ikiwaka kwa nguvu zote na isififie, ndani kuna shoti, zima. Nasema taa ya waya, ile ya zamani inayotoa joto. Hizi za LED hazifai kwa kazi hiyo, na ajabu ya dunia ni kwamba siku hizi taa ya waya nayo imeanza kutafutwa madukani kama kipuri cha makumbusho. Na ukishazima, usikimbilie kuingiza vidole. Kapasita kubwa za umeme hubaki zimeshika chaji, zipunguze kwanza kwa resista. Aliyewahi kupigwa na volti 300 haelezwi mara mbili.

Sasa hapa ndipo nakala ya kwanza inapoingia. Kapasita mpya ya thamani ile ile, ya volti 630, ni ndogo sana kuliko ya zamani. Mafundi wenye subira hufanya hivi: wanalipasha ganda la zamani kwa hewa ya moto mpaka nta iachie, wanalivuta bunda la karatasi kwa koleo, linatoka jeusi, linanuka mshumaa uliozimwa. Ganda wanalihifadhi, maana maandishi ya kiwanda yako juu yake. Kapasita mpya inapenyezwa ndani, nyaya zake zinatokea huku na huku, ncha zinazibwa kwa nta ile ile iliyokusanywa kwenye kopo. Ukifungua mgongo wa redio unaona kile alichokiona fundi wa mwaka 1955. Nyaya zimekaa pale pale, rangi zile zile, na ndani ya kila ganda mmejificha kitu kipya.

Nimeona kazi hizo, ni nzuri kupita maelezo. Kwa redio ya makumbusho, mimi mwenyewe ningesema zifanywe. Lakini kwa redio inayorudi sebuleni kwa mtu, siipendi. Sababu yangu si ya maadili makubwa. Fundi atakayeifungua baada yangu ataona kapasita za nta, atadhani hazijaguswa, atazing'oa zote upya, na pale atakapong'oa anaweza kuvunja kingine. Kapasita mpya ya njano inayoonekana wazi inamwambia: hapa pameshapitiwa. Bora hiyo.

Jambo moja zaidi kuhusu kapasita, kwa wale wenye mkono wa kuongeza. Zile kubwa za kusafisha umeme, zinazoacha mvumo zikikauka, zibadilishwe kwa ukubwa unaokaribiana na wa zamani. Mtu anasema za siku hizi ni za bei rahisi, ngoja niweke mara nne. EZ80 ilitengenezwa kubeba kapasita ya kwanza isiyozidi mikrofaradi 50. Ukiweka 200, kila unapowasha inavutwa mkondo isiouweza, na utaiua valvu ambayo haikuwa na ugonjwa.

Tuje kwenye valvu. Watu wengi wanadhani hazitengenezwi tena. Nyingine zinatengenezwa! EL84 unaipata mpya kabisa kutoka kiwanda cha JJ, mji wa Čadca, Slovakia, na Urusi nayo imekuwa ikizitoa. Lakini msidhani ni kwa heshima ya redio zetu. Ni wapiga gitaa. Vikuza sauti vya gitaa vinavyopendwa na wanamuziki wa roki vinatumia valvu hizo hizo, nao hawataki kusikia habari ya transista, kwa hiyo viwanda vinaendelea. Sisi wa redio tunakula makombo ya wapiga gitaa. Kwa valvu wasizozihitaji wao, kama ECH81, hakuna kiwanda kinachosumbuka, na hapo unategemea zilizobaki stoo tangu enzi hizo, zikiwa bado kwenye boksi zake. Jambo jema ni kwamba ECH81 ilitengenezwa kwa wingi sana, na valvu ndogo za aina yake hufa taratibu. Jicho la kijani ndilo linalofifia haraka. Wajanja huweka valvu ya Kirusi inayofanana nalo, 6E1P badala ya EM80, na hakuna mgeni atakayejua. Mwenyewe aambiwe.

Lakini sehemu inayoniumiza roho kuliko zote ni kioo cha stesheni. Jitahidini mnisikilize hapa, maana hapa ndipo redio nyingi zinapoharibiwa na watu wenye nia njema. Kile kioo cha mbele chenye namba na majina, maandishi yake hayako mbele. Yamechapwa kwa nyuma. Rangi ikishazeeka haikishiki tena kioo, imekaa tu. Mtu anachukua kitambaa chenye maji na sabuni, anafuta vumbi upande wa nyuma, anapitisha mara moja, na Hilversum imeondoka. Anapitisha mara ya pili, imeondoka Beromünster, Luxembourg na Droitwich. Anabaki na kioo safi kinachong'aa, hakina hata jina moja. Upande wa mbele futa upendavyo. Upande wa nyuma, brashi laini kavu, basi, na penye maandishi yanayobanduka usiguse hata kwa brashi.

Kikishafutika ndipo nakala inapotafutwa. Njia ni kupata kioo kizima cha redio ya toleo lile lile, kukipiga picha kwa skana, kusafisha kila herufi kwenye kompyuta, kisha kuchapa. Inaonekana kazi ya mchana mmoja, sivyo? Tatizo la kwanza ni rangi nyeupe. Maandishi mengi ya vioo hivi ni meupe, ya maziwa au ya dhahabu juu ya giza, na printa ya kawaida ya ofisini haina wino mweupe, inategemea weupe wa karatasi. Juu ya plastiki angavu inakuachia tundu tu. Kwa hiyo kazi nzuri hufanywa kwa uchapaji wa skrini, ule ule wanaoutumia wachapaji wa fulana za kampeni mitaani kwetu, ila kwa herufi za milimita moja na nusu na kwa kugeuza picha kinyume, kwa kuwa inachapwa nyuma. Mchapaji wa fulana mwenye mkono mtulivu anaweza. Mwambie tu asiwe na haraka za uchaguzi.

Tatizo la pili ni vipimo. Mshale unatembea kwa uzi kutoka ncha hadi ncha, na kila namba imewekwa mahali pake kulingana na kapasita ya kutafutia stesheni. Nakala ikipungua milimita tatu kwa sababu programu ilibana picha ienee kwenye karatasi, mita 31 itasomeka mahali ambapo siyo mita 31. Redio itasema vizuri, kioo kitasema uongo. Redio zilizotengenezwa kwa nchi za joto, kama nyingi tulizonazo huku, zilipewa bendi nyingi za masafa mafupi, mita 13, 16, 19, 25, 31, 49, na zimebanana. Hapo milimita ni kitu.

Na tatu, kuna jaribu ambalo fundi asipokuwa mwangalifu linamshinda. Ukishakuwa na faili kwenye kompyuta, kipi kinakuzuia kuongeza jina? Nimeshaiona redio ya mbao yenye kioo kipya, na katikati ya London na Paris, kwa herufi zile zile nzuri, pameandikwa Zanzibar. Ilipendeza. Mwenye duka aliniambia watalii wanaipenda mno. Nilicheka, kisha nikakereka, maana mtu ameinunua ile akiamini kiwanda cha Ulaya kilitukumbuka.

Nobu zina shida yake. Unachukua nobu moja nzima, unamwagia silikoni, unapata kalibu, unamimina resini yenye rangi ya kahawia. Resini husinyaa kidogo ikikauka, na kinachoonekana kidogo mezani kinatosha kuzuia nobu isiingie kwenye mhimili. Halafu kuna mihimili. Ya Waingereza na Wamarekani ni robo inchi, yaani milimita 6.35, na ya Wazungu wa bara ni milimita 6. Ukiagiza nobu za nakala kutoka Tempe, Arizona, ambako kuna duka maarufu la vipuri vya redio za kale, halafu ukaziweka kwenye redio ya Uholanzi, zitazunguka zenyewe na stesheni itabaki palepale. Zinahitaji kuwekewa bomba dogo la shaba ndani.

Kitambaa cha spika nitakipita haraka. Kinafumwa upya, kinapatikana, na mara nyingi hakuna njia nyingine, kwani mende na panya wa kwetu hawabakishi. Koni ya spika, kama imetobolewa tu, zibeni kwa karatasi ya shashi na gundi laini, msikimbilie kuibadilisha. Sanduku likiwa na bungua, mpeni seremala alitie dawa kwanza, vanishi baadaye. Ila mng'ao nao una mpaka wake. Mzee mmoja alirudishiwa redio yake ikiwa na kitambaa kipya na vanishi inayomwonyesha uso wake, akaizunguka, akamtazama kijana aliyeitengeneza, akamwambia, "Mjukuu wangu, hii umeitoa harusini? Yangu ilikuwa na alama ya kikombe hapa." Kijana alikuwa ameifuta kwa msasa. Alama ya kikombe haina nakala yake dukani.

Wenzetu Marekani wanalo sakata linalofanana na hilo, nalo linanifurahisha. Miaka ya 1940 kampuni ya FADA iliuza redio ya valvu ya umbo la risasi, ya plastiki iitwayo Catalin. Baadhi zilitoka kiwandani nyeupe. Plastiki hiyo ikipigwa na mwanga na miaka inageuka njano, na leo watu wanazijua kwa njano ile, ndiyo inayowavutia. Anatokea fundi anaikwangua na kuing'arisha mpaka weupe unarudi. Mnunuzi analalamika kwamba ameharibiwa orijino. Fundi anamjibu kwamba hii ndiyo orijino, uliyoizoea ni uzee. Wote wawili wana haki. Ningelazimishwa kuchagua ningeiacha na njano yake, kwa sababu weupe unaweza kuurudisha siku yoyote, ila njano ukishaikwangua unasubiri miaka mingine themanini.

Kuna nakala moja ambayo sijasikia mtu akiigombania. Mwaka 1949 Harry Franklin, aliyeongoza idara ya habari ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, alikuwa ameipata kampuni ya Ever Ready ya Uingereza itengeneze redio ambayo Mwafrika wa kawaida angeweza kuinunua ili asikilize kituo cha Lusaka. Waliipachika ndani ya sufuria ya alumini isiyo na mpini, wakaipaka buluu, wakaiuza pauni 5. Ilipata jina la Saucepan Special. Haikuhitaji umeme wa ukutani, ilikuwa na valvu ndogo za betri, na betri yake kavu ilidumu saa 300 hivi. Mtu anaweza leo kuwa na sufuria hiyo nzima, na valvu zake nzima, akakosa betri. Redio za valvu za betri za wakati ule zilitaka volti 90 upande mmoja na volti 1.5 upande mwingine, na betri za namna hiyo zilishatoweka madukani. Basi wapenzi wa redio hizi wanachukua betri kumi ndogo za volti 9, zile za mstatili, wanaziunganisha mfululizo, tisa mara kumi, tisini. Kwa volti 1.5 wanatumia betri kubwa za tochi. Kisha wanachapa boksi la karatasi lenye rangi na maandishi ya betri ya zamani, wanazifungia humo. Nje ni mwaka 1949, ndani ni duka la jirani. Na hakuna anayedanganywa, maana hata mtoto anajua betri ya mwaka huo isingekuwa na uhai.

Ningependa vipuri vyote vya nakala vikae hivyo. Ninachowaambia mafundi ni kitu kidogo: chukua kalamu ya risasi, andika ndani ya sanduku, pale pasipoonekana kwa nje, mwaka, na kilichobadilishwa. Nobu mbili nakala. Kioo kimechapwa upya. Kapasita zote mpya, jicho la Kirusi. Vile vya zamani ulivyovitoa mpe mwenyewe kwenye bahasha, asivitupe, avitunze nje ya redio, kwa sababu ndani kuna joto. Maandishi hayo hayapunguzi bei. Anayenunua kwa macho atayafurahia, na anayenunua kwa akili atakulipa zaidi kwa kuyakuta. Anayekataa kuyaandika ndiye wa kumwuliza maswali.

Sasa itasikia nini? Hilo mjukuu hulifikiria mwisho, naye anashangaa. Nyingi ya redio hizi, hasa zilizotengenezwa kwa nchi zetu, hazina FM. Zina masafa ya kati na masafa mafupi, ambako vituo vimepungua sana kuliko zamani. Usiku masafa mafupi bado yanatoa kitu, vituo vya mbali, dini, habari, lugha usizozijua. Mchana wengine hutumia kirushio kidogo cha mezani, wanakiunganisha na simu, kinarusha kwa masafa ya kati ndani ya nyumba tu, na redio ya babu inacheza taarabu iliyotoka kwenye simu. Hiyo nayo ni nakala, na mimi sina ugomvi nayo.

Lakini ukiwasha ukasikia mkwaruzo mtupu kuanzia ncha hii ya kioo mpaka ile, usimrudie fundi bado. Chomoa kwanza chaja za simu, zima taa za LED, mwombe na jirani azime zake kama mnaelewana. Vyote hivyo vinapiga kelele kwenye masafa ambayo redio yako imejengwa kuyasikiliza, na mwaka 1955 hakuna kimoja kilichokuwepo.